Masomo ya Nyumbani kwa Mtoto Anayesoma Shule: Mwongozo kwa Wazazi Wakristo wa Kigoma

Kila mwaka ifikapo Oktoba, shule za msingi zinapoanza kuandikisha watoto wa darasa la awali na darasa la kwanza watakaoanza masomo Januari, wapo wazazi katika makanisa yetu ya Kigoma ambao hubaki nyuma baada ya ibada na kuuliza kwa sauti ya chini kama inafaa mtu kumfundisha mwanawe nyumbani bila kumpeleka shule. Wengine wamesikia habari hizo kwa wamisionari wa kigeni, wengine wamezikuta kwenye simu, na wengine wamechoka tu kumwona mtoto akirudi kutoka darasa lililofurika akiwa na matusi mapya mawili na hana herufi hata moja mpya. Mimi ni baba wa watoto wanne na mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Mwanga, na jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi: mwandikishe mtoto shule, kisha uendeshe nyumbani kwako masomo ya kweli, yenye saa yake, daftari lake na mwalimu wake, ambaye ni wewe. Maelezo yanayofuata yanaonyesha namna ya kufanya hivyo, pamoja na mambo ambayo mzazi anayetamani kwenda mbali zaidi anapaswa kuyajua kabla hajaamua.

Hatua ya kwanza: Andikeni sababu zenu

Baba na mama waketi usiku watoto wakiwa wamelala, kila mmoja na karatasi yake, na kila mmoja aandike peke yake kinachomtia wasiwasi kuhusu shule. Mama anayelea peke yake, au bibi anayelea wajukuu, afanye hivyo pamoja na ndugu au mzee wa kanisa anayemwamini. Karatasi zikilinganishwa, sababu nyingi zitaangukia katika mafungu matatu, yaani imani ya mtoto, tabia anazoziokota kwa wenzake, na elimu yenyewe kuwa hafifu. Mafungu haya yasichanganywe, kwa kuwa kila moja lina dawa yake. Mzazi anayesema kwamba anahofia imani ya mwanawe, huku kinachomsumbua hasa ni kwamba mtoto hajui kusoma, ataongeza maombi mahali panapohitaji silabi.

Kuhusu imani, Maandiko hayamwachii mzazi nafasi ya kukwepa. Sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati inamtaka mzazi azungumze na watoto wake juu ya maneno ya Mungu akiwa ameketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka, na humo hatajwi mchungaji wala mwalimu wa shule. Hata hivyo Biblia hiyo hiyo inatuonyesha watoto wa nyumba za kumcha Mungu wakisoma mbele ya walimu wasiomjua Mungu. Danieli na wenzake walifundishwa maandishi na lugha ya Wakaldayo, wakaonekana kuwa na hekima kuliko waganga wote wa mfalme, na bado walikuwa wamekataa chakula cha mfalme. Musa, kwa maelezo ya Stefano katika Matendo ya Mitume 7, alifundishwa hekima yote ya Wamisri, lakini kabla ya hapo alikuwa amenyonyeshwa na mama yake mwenyewe. Hatuhitaji hata kwenda mbali namna hiyo, kwa kuwa Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937 kabla hajabatizwa, akabatizwa mwaka 1943, na miaka michache baadaye akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's. Shule ya serikali haikumzuia kuwa Mkristo, kama ambavyo shule ya kanisa peke yake haiwezi kumfanya mtu awe Mkristo.

Hatua ya pili: Ijueni sheria kabla ya kuamua

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aandikishwe katika shule ya msingi, na inamwajibisha mzazi kuhakikisha kwamba mtoto aliyeandikishwa anahudhuria mpaka amalize. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaihesabu elimu kuwa haki ya mtoto, na si hisani ya mzazi. Sera mpya ya elimu imeipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, yaani mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo mtendaji wa mtaa akibisha hodi kuuliza kwa nini mtoto wako yuko nyumbani saa nne asubuhi, hakuonei wala hapigani na imani yako.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, kwa sababu mifano wanayoisikia hutoka katika nchi zenye sheria nyingine. Nchini Marekani majimbo yote 50 yanamruhusu mzazi kumfundisha mwanawe nyumbani, kila jimbo kwa masharti yake, na Uingereza nayo inaruhusu. Ujerumani, ambayo pia ina Wakristo wengi, hairuhusu isipokuwa kwa nadra sana. Mzazi wa Kigoma anayeiga familia ya Texas bila kuangalia sheria ya nchi yake ameiga nusu ya jambo.

Lipo pia suala la mitihani. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na watoto huufanya kupitia shule zilizosajiliwa, ili matokeo yawapeleke sekondari. Mtoto aliyefichwa nyumbani miaka sita atakuwa na maarifa, pengine mengi kuliko wenzake, lakini hatakuwa na namba ya mtihani. Kwa ngazi ya sekondari mlango ni mpana kidogo, kwa kuwa mtu anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ambao wengi wetu tunauita QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa mtoto aliyechelewa au aliyekatiza shule ya msingi, ulizieni darasa la MEMKWA, ambalo liliwekwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo.

Wapo wazazi walioonyeshwa vijitabu vya kujisomea kutoka nje, kama vile vya Accelerated Christian Education, mpango ulioanzishwa Texas mwaka 1970, ambamo mtoto husonga mbele kwa kasi yake mwenyewe. Mtoto wa mmisionari atakayerudi kwao kumalizia masomo anaweza kufaidika navyo. Mtoto wa Kasulu au Buhigwe, ambaye atafanya upimaji wa darasa la nne kwa Kiswahili, atakuwa amesomea mtihani wa watu wengine.

Ikiwa familia kadhaa za kanisa moja zina nia na uwezo, njia ya wazi ni kuanzisha shule ndogo na kuisajili. Anzeni kwa afisa elimu wa kata, kisha wa wilaya, na mwaombe wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, wawaeleze masharti ya majengo, vyoo na sifa za walimu kabla hamjafyatua tofali la kwanza. Kukusanya watoto kwenye baraza la kanisa na kuliita shule ni kuwatafutia watoto matatizo ambayo yatajitokeza siku ya kujiandikisha kwa mtihani.

Hatua ya tatu: Jitambulisheni shuleni

Mwandikishe mtoto mapema ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa, mjue mwalimu wa darasa kwa jina, na uhudhurie mikutano ya wazazi hata ile inayohusu michango. Mzazi Mkristo ambaye walimu humwona siku ya malalamiko peke yake hana sauti. Mkipata nafasi katika kamati ya shule, ichukueni. Ulizeni pia kuhusu kipindi cha dini, maana katika shule nyingi kipindi hicho kimo kwenye ratiba lakini watoto wa Kikristo hukaa bure kwa sababu hakuna mchungaji, katekista wala mzee wa kanisa anayekwenda kufundisha. Hilo ni kosa letu, na si la mwalimu mkuu.

Hatua ya nne: Tengeni saa, na mjifunze kwa jirani

Nitakaa kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo mambo mengi huharibika. Anayeishi Ujiji au Gungu anajua jinsi watoto wa majirani zetu Waislamu wanavyotoka shule, wakala, wakavaa kanzu na hijabu, kisha wakaenda madrasa. Mtoto anayeketi mbele ya ustadhi saa moja na nusu kwa siku tano amejifunza dini yake saa saba na nusu kwa juma moja. Mtoto wetu hupata saa moja ya shule ya Jumapili, na ndani ya saa hiyo zimo nyimbo, matangazo na kusubiri mwalimu aliyechelewa. Halafu tunashangaa kwamba kijana wa kidato cha kwanza hawezi kueleza anachokiamini. Majirani zetu hawakuwatoa watoto shuleni ili kuwafundisha dini, waliongeza saa.

Mzazi Mkristo hana madrasa, lakini ana nyumba. Utaratibu ambao mimi na mke wangu tumeuzoea ni dakika 15 alfajiri kabla ya watoto kwenda shule, na dakika 45 jioni kuanzia saa kumi na mbili na nusu, siku nne kwa juma, yaani Jumatatu hadi Alhamisi. Alfajiri tunasoma fungu fupi la Injili na mtoto mmoja anasimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Kusimulia huku ni nguzo ya mbinu ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye mafundisho yake yanafuatwa sana na wazazi wanaofundishia nyumbani huko nje. Bibi zetu, kwa upande wao, walikuwa wakitaka hadithi irudiwe kabla ya kutoa nyingine, na hawakumngoja Mwingereza. Mtoto anayesimulia hawezi kusinzia, na mzazi anayemsikiliza hugundua papo hapo kilichoeleweka na kisichoeleweka.

Jioni tunagawa dakika 45 katika vipande viwili, kimoja cha kusoma na kuandika, kingine cha hesabu. Vifaa havihitaji fedha nyingi: ubao uliopakwa rangi nyeusi, chaki, daftari la mistari na la hesabu kwa kila mtoto, na taa ya sola ikiwa umeme hauaminiki. Vitabu vya kiada vya shule za msingi vinasomeka bila malipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo mwenye simu yenye intaneti anaweza kuona mtoto anapaswa kujua nini katika darasa lake. Simu iwe mkononi mwa mzazi wakati wote wa somo, na runinga izimwe hata kama baba anafuatilia mechi. Nimeandika sentensi hii ya mwisho nikijijua.

Ratiba hii iwe ndogo kuliko ari yenu. Familia zinazoanza na saa mbili kila siku huwa zimeacha kabla ya Pasaka.

Hatua ya tano: Anzeni na kusoma

Mtoto wetu wa pili alifika darasa la tatu bila kuweza kusoma mstari mmoja. Ripoti zake za shule zilisema anaendelea vizuri, nami nilizitia sahihi kila muhula. Nilikuja kugundua siku moja kwenye ibada ya nyumbani nilipompa Biblia asome Zaburi ya 23 naye akaisoma yote bila kosa, kisha nikaona kwamba kitabu kilikuwa kimefunguliwa kwenye Mithali. Alikuwa ameikariri kanisani. Sikuwa na wa kumlaumu shuleni, kwa sababu mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma, ilhali mimi nilikuwa na wanne tu na sikuwa nimemsikiliza.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili: mpe mtoto andishi ambalo hajawahi kuliona, lisilo na picha, na umsikilize. Akikwama, rudi kwenye silabi bila aibu na bila kiboko. Kiswahili kina huruma kwa msomaji mchanga, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto aliyezijua irabu tano na silabi zake ba, be, bi, bo, bu anaweza kujenga maneno ndani ya majuma machache. Ugumu huja kwenye mwambatano wa konsonanti kama ng', ny, dh, gh, mb na shw, na huko ndiko pa kutumia muda. Andika maneno ya nyumbani, kwa mfano ng'ombe, nyavu, mbegu, mgebuka, mchikichi, ubaoni, ayasome, ayafute, kisha uyatamke ayaandike.

Watoto wa vijijini wanaozungumza Kiha nyumbani wasikatazwe lugha yao. Mzazi aeleze maana kwa Kiha, mtoto asome kwa Kiswahili, na hadithi za Biblia zisimuliwe kwa lugha yoyote ambayo moyo wa mtoto unaisikia vizuri. Kiingereza kinafundishwa sasa tangu darasa la kwanza na ndicho lugha ya kufundishia sekondari, kwa hiyo kitengewe siku moja katika zile nne, kwa sentensi fupi za kusema na kuandika. Mzazi asiyekijua ajifunze pamoja na mtoto, maana mtoto hufurahi sana kumsahihisha baba yake.

Hatua ya sita: Hesabu, historia na maswali magumu

Hesabu zifundishwe kwa vitu vinavyopita nyumbani. Debe la mawese lina lita 20. Likijazwa kwenye chupa za lita moja na nusu zitajaa chupa ngapi, na kitabaki kiasi gani? Zitajaa 13 na itabaki nusu lita, na mtoto aliyeshika chupa na kuyamimina mafuta mwenyewe hatasahau maana ya desimali. Mpelekeni mwaloni Kibirizi asubuhi, aone dagaa wanavyopimwa, bei inavyobadilika mashua zinapokuwa chache, na jinsi mama anavyopiga hesabu ya faida bila kalamu. Humo humo fundisheni kipimo cha haki na fungu la kumi.

Kwa historia na jiografia, watu wa Kigoma hatuna sababu ya kulalamika. Jumamosi moja kwa mwezi inaweza kuwa siku ya somo la kutembea. Ujiji kuna ukumbusho wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na hapo hapo mtoto anaweza kuelezwa habari za njia ya misafara iliyopita Tabora kwenda Bagamoyo, ikiwamo misafara ya watumwa. Msiruke sehemu hiyo kwa kuogopa kumhuzunisha mtoto. Bandarini kuna hadithi ya meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na ziwa tunaloogelea lina kina cha mita zaidi ya 1,400. Familia zilizoko Tabora zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kwenda kuiona tembe ya Livingstone huko Kwihara.

Maswali magumu yatakuja bila kualikwa. Siku moja mtoto atarudi na kusema kwamba mwalimu ameeleza habari za zamadamu na fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kisha atauliza Adamu aliishi wapi. Mzazi asimtukane mwalimu, wala asimwambie mtoto asiulize. Mwambie kwanza aeleze vizuri kile shule inachofundisha, kwa sababu atapaswa kukiandika kwenye mtihani na kwa sababu ni uungwana kumwelewa mtu kabla ya kumpinga. Kisha msome pamoja Mwanzo 1 na 2, na umweleze imani yenu inavyosema kuhusu Muumba na mwanadamu. Wakristo wanatofautiana kuhusu namna ya kuzisoma sura hizo, na mtoto mkubwa anaweza kuambiwa hivyo. Kama huna jibu, mwandikie swali kwenye daftari na umpelekee mchungaji au padri pamoja naye, ili mtoto aone kwamba swali lake limechukuliwa kwa uzito.

Hatua ya saba: Mnapotofautiana na shule

Mambo mengi yanaweza kumalizwa kwa barua moja iliyoandikwa mapema. Familia za Wasabato, ambao ni wengi kwa upande wa Kasulu, hukutana na masomo ya ziada au kambi za masomo zinazopangwa Jumamosi. Waandike kwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa mwaka, si Ijumaa jioni, wakipendekeza siku ambayo mtoto atafidia, na waombe barua ya kanisa iambatane na yao. Ngoma au mavazi ya mahafali yakimkwaza mzazi, azungumze na mwalimu ana kwa ana na apendekeze kazi nyingine ambayo mtoto atafanya siku hiyo. Mtoto asitumwe kuwa msemaji wa msimamo wa wazazi wake mbele ya darasa zima.

Hatua ya nane: Pimeni kila likizo

Likizo ya Juni na ile ya Desemba ndizo za kupima. Juma la kwanza la likizo, kila mtoto asome kwa sauti ukurasa mgeni, aandike barua ya nusu ukurasa kwa babu au bibi, afanye hesabu kumi za darasa lake, na asimulie hadithi tatu za Biblia alizojifunza tangu likizo iliyopita. Andikeni matokeo kwenye daftari moja la familia pamoja na tarehe, bila kuwalinganisha watoto. Sehemu aliyoshindwa mtoto ndiyo itakayoongoza ratiba ya muhula unaofuata, na zile alizozimudu zipunguziwe muda ili jioni zisiwe ndefu.

Mtoto akiwa nyuma kwa madarasa mawili au zaidi katika kusoma, likizo ya Desemba itumike kwa silabi na hadithi fupi peke yake, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na shule zikifunguliwa Januari mpelekee mwalimu wake wa darasa daftari hilo, umwonyeshe alipoanzia na alipofika, kisha mkubaliane mahali pa kumketisha darasani na ukurasa atakaouanza naye.